Kura ya Mama na Malisho ya Kabonesa

Kila Jumamosi nyumba yetu ya Izigo ilinukia nyasi mbichi. Tulizikata rweya, ile mbuga ya wazi iliyo nje ya vibanja vya migomba, tukazitandaza sebuleni mpaka sakafu isionekane, kisha mimi na wadogo zangu tukagaragara juu yake hadi Mama atufukuze. Ukingoni mwa rweya aliishi Kabonesa, mjane mfugaji, pamoja na wanawe na ng'ombe wake wenye pembe ndefu. Ng'ombe wetu mmoja pia alikuwa kwake, kwa mpango wa siku zote: maziwa ni ya Kabonesa, samadi ni yetu. Kila Alhamisi baada ya shule tulikwenda zizini kwake na vikapu, tukarudi tukinuka kiasi kwamba Baba hakutaka tumsalimie kabla ya kuoga. Niliichukia kazi ile kwa moyo wangu wote. Ndizi nilizipenda, ila sikuwa na akili ya kuunganisha mambo hayo mawili.

Nilipokuwa darasa la nne, serikali ya kijiji ilikubaliana kuigawa rweya yote ili watu wapande mikaratusi. Mama alikuwa mjumbe, naye alinyoosha mkono kama wenzake. Simlaumu sana. Sisi Wahaya tumelelewa hivyo: penye mgomba pana mwenyewe, pasipo na mgomba ni patupu. Kabonesa hakuitwa, kwa sababu hakuwa na kibanja, na asiye na kibanja hakuhesabiwa kuwa na la kusema. Mama alirudi nyumbani akicheka, akatuonyesha kwa mikono ukubwa wa msitu wetu ujao.

Kesho yake asubuhi Kabonesa akaja. Alisalimia kwa heshima, akaketi kwenye nyasi, akampa Mama kibuyu cha maziwa ya mdogo wangu wa mwisho, kama alivyofanya tangu mtoto alipoachishwa ziwa.

"Waitu, Mama Koku," alisema, kwa neno letu la heshima, "nasikia mmegawana. Sikuja kugombana. Niambie tu, ng'ombe niwapeleke wapi?"

Mgeni alipoondoka Mama alilia, nami niliogopa, maana hakuwa mtu wa kulia.

Uamuzi ule ulipaswa kuidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Siku ya mkutano Kabonesa alikaa nyuma kabisa, karibu na njia. Mama akasimama.

"Mkono wangu niliunyoosha kwa ujinga," alisema. "Tumesema rweya ni tupu, na kila mmoja hapa ana samadi ya rweya kibanjani kwake. Huyu mama amezaliwa pale, na baba yake alizaliwa pale. Ana haki ya kuulizwa kama mimi. Asimame aseme."

Watu walicheka. Mwenyekiti alimwambia akae, asiwaaibishe wajumbe wenzake. Hakukaa. Ndipo Kabonesa akasimama, akaanza kuonyesha kwa kidole: chemchemi, njia ya ng'ombe, bonde la kulishia ndama wakati wa kiangazi. Alitaja majina ya mahali ambapo sisi hatukujua kama pana majina. Ubishi uliendelea mpaka mvua ikatutawanya. Wiki iliyofuata kijiji kilikubali kwamba nusu ya rweya, pamoja na chemchemi na njia, ibaki malisho, na iandikwe hivyo.

Nusu ile ipo hadi leo, na binti wa Kabonesa ni mjumbe wa kijiji. Mimi nachora ramani za matumizi ya ardhi, kazi niliyoipenda kwa sababu ya mkutano ule. Namshukuru Mama, na namshukuru zaidi Kabonesa, aliyekuja na maziwa na swali wakati alikuwa na kila sababu ya kutulaani. Siku hizi tuna picha za kutoka angani, tuna hati na mihuri. Hata hivyo mwezi uliopita, kwenye ramani ya kijiji kingine cha wilaya yetu ya Muleba, nilipaka eneo zima rangi ya kijivu nikaandika "ardhi isiyotumika". Juzi alinipigia simu mfugaji ambaye ng'ombe wake wanalala humo. Naye alikuwa mpole. Ningeweza kubadili rangi kimyakimya ofisini, asijue mtu. Lakini Jumatatu kuna mkutano wa kijiji. Nitasimama niwaambie wote kwamba nilikosea, kisha nitampisha yeye azungumze.