Tiketi za Msumarini

Binti yangu wa pili hafui nguo, ingawa mtaani wanapenda kusema anafua. Anakaa kaunta kwa dobi. Mteja akileta suti, anaitundika kwenye henga yenye namba, henga inakwenda kwenye bomba refu kule nyuma kwenye joto la pasi, na mteja anapewa tiketi yenye namba ile ile. Mteja akirudi, tiketi inamwonyesha binti henga ya kuendea. Suti ikishatoka, henga inakuwa ya mtu mwingine, na tiketi ya zamani inachomekwa kwenye msumari ukutani, kwa sababu tajiri wake akija jioni anataka kuona ni akina nani wamechukua nguo zao. Ndiyo kazi yake tangu amalize shule, na anaijua hata ukimfunga kitambaa machoni.

Naeleza hivi kwa sababu kazi hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka huu alijiandikisha kusoma kompyuta jioni, ghorofani juu ya duka la rangi. Wanajifunza kuandika programu kwa lugha inayoitwa C. Baba yake akaanza kumwita Injinia. "Injinia, chumvi iko wapi?" "Injinia, hii redio mbona inakoroma?" Anacheka peke yake. Mimi sikucheka, nilikuwa namwangalia mtoto. Mwanzoni alikuwa akirudi anakula vizuri. Kisha wakafika kwenye kitu kinachoitwa pointa, akaanza kusukumasukuma chakula kwenye sahani.

Nikamuuliza hiyo pointa ni mdudu gani.

"Mama, mashine ina kumbukumbu. Ni kama lile bomba letu la henga, kila nafasi na namba yake. Pointa si suti, ni tiketi. Inakwambia suti iko wapi."

"Sasa ugumu uko wapi? Si kazi yako ya kila siku?"

"Ndivyo nilivyodhani na mimi."

Mwalimu akawaambia kila mmoja aandike programu ya kutunza vitu vya kazini kwake, aionyeshe mbele ya darasa. Programu isiyofanya kazi, mwenyewe haendelei na masomo. Binti akaandika ya dobi. Siku ya kuonyesha, mwalimu akaingiza mteja mwenye koti, akalitoa koti, akaingiza mteja mwingine mwenye gauni. Kisha akaishika tena tiketi ya yule wa kwanza. Ikamletea gauni la mtu.

Binti alikuwa ameachia henga, lakini tiketi ameibakiza, kama anavyofanya kazini. Dukani hakuna mtu mwenye akili zake atakayechomoa tiketi msumarini aende kudai nguo. Mashine haijui msumari ni nini. Kwake tiketi ni tiketi.

Badala ya kumweleza hayo, mwalimu akamwambia darasa zima likisikia, "Wewe rudi ukafue."

Alifika nyumbani, akaweka mkoba chini, akasema, "Nimefukuzwa." Baba yake akafungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga.

Damu ilinichemka. Kesho yake nikavaa viatu vya kutokea nikapanda zile ngazi zinazonuka rangi. Mwalimu mwenyewe nikamkuta anafuta ubao, kijana tu, umri wa mwanangu wa kwanza.

"Wewe ndiye uliyemwambia mwanangu akafue?"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo. Nimekuuliza."

Akaweka kitambaa chini. "Nilisema. Kosa lile nimelieleza mpaka koo limekauka, hasira zikanishinda."

"Ukamfukuza."

"Nani kamfukuza? Alizima kompyuta akatoka mwenyewe. Nimempa mpaka Ijumaa arekebishe, kama wenzake. Asipokuja Ijumaa, hapo ndiyo basi."

Nilikuja na hasira kifua kizima, na sasa nusu yake haikuwa na pa kwenda. Nusu iliyobaki nikampa. Nikamwambia mtoto wa watu hasemwi hivyo hadharani, na kwamba hakuna mtu anayezaliwa anajua pointa. Akainamisha kichwa. Nikashuka.

Njiani ile nusu nyingine ikapata mwenyewe. Nikamkuta binti jikoni anaosha vyombo.

"Nani kakufukuza?"

Akaendelea kusugua sufuria.

"Nakuuliza. Maana natoka huko kumgombeza kijana wa watu."

Akageuka, mikono inachuruzika povu. "Umeenda darasani kwangu? Mama, mimi ni mtoto wa chekechea?"

"Mtoto wa chekechea hasemi uongo namna hii."

"Ningekwambia nimetoka mwenyewe, ungenirudisha kwa nguvu."

"Na nitakurudisha."

"Umeona sasa?"

Tukagombana mpaka baba yake akatoka nje na redio yake. Mwisho binti akasema, "Hujui inavyouma kukosea kitu ambacho ndiyo kazi yako." Nikamwambia akanawe uso.

Akanawa. Kisha akafungua kompyuta ya kuazima kwa binamu yake, yenye ufa kwenye kioo, akaanza kuzigonga zile herufi kama zimemwibia. Henga ikiachiwa, tiketi nayo inafutwa papo hapo, isielekeze popote. Hilo likakubali. Likabaki la kuhesabu tiketi zote kwa kipande cha programu kinachojiita chenyewe: kinahesabu tiketi moja, kinajituma kwenye inayofuata, na inayofuata. Alipokiendesha hakikurudi. Mashine ikajaa, ikakwama.

"Imekuwaje?" nikauliza.

"Sikukiambia pa kuishia."

"Kama mama yako akigomba," baba yake akasema akiwa mlangoni.

Binti akacheka. Mimi nikaenda kuanua nguo.

Ijumaa akanikataza nisimfuate. Sikupanda. Nilisimama chini dukani, nikijifanya nachagua rangi ya mlango, mpaka muuzaji akachoka kunionyesha makopo. Wenzake wakashuka. Yeye akachelewa, nami nikaanza kuzitazama zile ngazi kwa jicho baya.

Akashuka na mkoba begani. Hakushangaa kuniona.

"Mwalimu kaijaribu tiketi ya zamani. Haikuleta kitu."

"Na kile kinachojiita?"

"Kimehesabu, kikasimama. Nimebaki darasani, mama."

"Amekuomba radhi?"

"Ameomba. Hapo kwenye ngazi, sasa hivi."

"Kwenye ngazi." Nikaweka kopo la rangi chini. Matusi mbele ya watu, radhi gizani pasipo shahidi. Nikaelekea juu.

Akanishika mkono, akanishika kweli. "Nimeshamwambia. Nimemwambia alinitukana mbele ya darasa, na radhi ataileta mbele ya darasa, Jumatatu."

"Akasemaje?"

"Kajikuna kichwa. Kisha akasema sawa."

Tukaondoka. Njiani nikamwambia ule uongo wake sijausamehe, na nitamwambia tena nikishakula. Akasema anajua.