Ndala za Mpiga Pasi

Mpiga pasi wa duka la dobi pale Al Qusais, ughaibuni, huvua ndala kila anapoitaja timu yake ya mpira, Mohun Bagan, kama mtu anayeingia mahali pa ibada. Rosina, anayekunja mashati pembeni yake, ameshamzoea. Mvuke ukipanda, sauti ya mzee inalainika na Kolkata, mji wa kwao India, inakuja yote: mwaka 1911, Wahindi karibu wote pekupeku, walivyowatoa jasho wanajeshi wa Kiingereza wenye viatu vya njumu hadi wakabeba ngao ya ubingwa. "Mbili kwa moja," humalizia, na pasi inateleza kwenye kola kama mpira kwenye nyasi zenye umande.

Ijumaa moja timu ilikuwa uwanjani, mzee simu kaiegemeza kwenye chupa ya wanga. Rosina akaona ndala zimekaa pembeni, vidole vya miguu vinachezacheza juu ya vigae.

"Bhai, nani anaongoza?"

"Sisi, dada. Mbili kwa moja," akajibu, macho kayafumba.

Rosina akachungulia simu. Filimbi ya mwisho ilishalia. Wapinzani walikuwa wanakumbatiana, na vijana wa Bagan wamekaa chini, vichwa magotini. Akailaza simu kifudifudi, taratibu, kisha naye akavua viatu vyake.