Kumpakata Mjukuu Hadi Salamabila

Nilikuwa nakionea wivu kiti cha plastiki. Nililikana jambo hilo mbele ya binti yangu, mbele ya mdogo wangu, hata nilipokuwa peke yangu, na kwa kuwa nimesoma chuo kikuu, nililikana kwa hoja. Nilisema kiti kile kina joto. Nilisema kimetengenezwa kwa ajili ya barabara za lami. Nilisema kati ya kwetu Kasongo na Salamabila huwezi kugongana na gari lingine hata ukilitafuta.

Ukweli ni kwamba nilitaka kufika Salamabila nimempakata mjukuu wangu, watu waone.

Binti yangu alikuwa amepata kazi huko, kwenye kituo cha afya, akaniachia mtoto hadi apate nyumba. Nyumba ilipopatikana, aliamua kuagiza kiti cha gari cha mtoto kutoka Bukavu. Kabla ya kuagiza alinipigia simu.

"Mama, mutoto iko na kilo ngapi?"

"Anakaribia miaka miwili."

"Sikuulizi miaka. Hivi viti vinachaguliwa kwa kilo na urefu."

Nikampeleka kupimwa, nikinung'unika njia nzima kwamba hata mbuzi wa sokoni hapimwi kwa makini hivyo.

Kiti kilifika kikiwa kipya. Cha mtumba alikikataa, kwa sababu huwezi kujua kilishapata ajali gani. Wa kutusafirisha alikuwa mdogo wangu, anayepeleka mafuta ya mawese Salamabila kwa gari lake la jipu. Tulikiweka kiti nyuma, tukatafuta mikanda ya gari ya kukifungia. Haikuwapo. Mwenyewe alikuwa ameikata zamani ili afungie bidoni za mafuta kwenye pikipiki.

"Ilikuwa mikanda mizuri sana," alisema, kwa sauti ya mtu anayemtaja marehemu.

Akaleta mipira ya tairi iliyokatwa vipande virefu, ile ya kufungia mizigo, akakizungushia kiti mpaka kikaonekana kama mfungwa. "Yaya, hapa hata tembo hang'oi," alijigamba kwangu, mimi dada yake mkubwa.

Mimi nikaona nafasi yangu. Nilisema tujaribu kwanza na mfuko wa mchele wenye uzito wa mtoto. Nilitaka kiti kishindwe. Tuliufunga mchele kwa mikanda ya kiti chenyewe, ikapita juu na chini kama inavyompita mtoto mabegani na kiunoni. Mdogo wangu akaendesha polepole kwenye kiwanja kitupu cha mpira, kisha akakanyaga freni, gari likasimama ghafla. Mipira ilivutika, kiti kikaruka na kugonga mgongo wa kiti cha mbele. Mchele ulibaki umefungwa ndani yake.

"Umeona?" nilisema. "Haiko na maana."

"Haya, sasa uubebe wewe."

Nikakaa mbele, nikaupakata mchele na kuukumbatia kwa mikono miwili, kama ningemshika mtoto. Nilijua freni inakuja, nikajikaza. Mwendo ulikuwa uleule. Mfuko ulinichomoka, ukagonga dashibodi, ukapasuka.

"Yaya, umemwangusha mutoto!" mdogo wangu alicheka. Halafu akaacha kucheka. Tukashuka, tukaanza kuokota mchele bila kutazamana.

Tulikuwa tumepanga kuondoka kesho yake. Jioni binti yangu alipiga simu kuuliza tutatoka saa ngapi.

"Hatutoki," nilisema. "Mujomba wako anatafuta mikanda ya gari. Fundi aikaze kwanza, ndipo tufunge kiti."

Alikuwa hajamwona mtoto wake tangu alipoondoka.

"Mama, wewe unataka tu kubaki naye."

"Nataka. Sana. Na hicho kiti chako nilikichukia tangu siku uliyokitaja. Lakini leo nimeshindwa kushika mfuko wa mchele, na gari lilikuwa linatembea kama baiskeli."

"Ulikuwa umeushika vizuri?"

"Kwa mikono miwili."

Nilisikia watu wakiongea nyuma yake, mlango ukifungwa, kisha yeye akivuta pumzi.

"Basi nitangoja," alisema. "Lakini usinipigie mikanda ikipatikana. Unipigie ikiisha kufungwa."