"Ndiyeva" Si Kukubali

Saa mbili asubuhi. Mlango wa chumba cha mahakama bado umefungwa, lakini Thozama Gqirana ameshakaa kwenye benchi la ukumbini, mkoba mapajani, akimmegea andazi lake mama asiyemjua.

"Kula, dada. Ukiingia mle na njaa utaitikia kila kitu."

Mama anacheka kidogo. Ndicho Thozama alichokitaka.

Ana miaka hamsini na tisa, na ishirini na tatu kati ya hiyo amekuwa akitafsiri Kixhosa mbele ya mahakimu wa mji huu mdogo wa Eastern Cape, Afrika Kusini. Watu humwita kwa ukoo wake, MaRhadebe. Siku hizi akina mama humtafuta kwa sababu ya neno moja alilokataa lipindishwe.

Neno lenyewe ni "ndiyeva", yaani nimesikia. Kwa Waxhosa ni adabu: mkubwa akisema, unamwitikia hivyo, hata kama moyoni umemkatalia katakata.

Mwaka juzi Nowinile, mjane wa vilimani, aliitwa na mwendesha mashtaka. Shemeji yake, aliyekaa naye boma moja na kuchota maji bomba moja, alishtakiwa kumbaka binti wa Nowinile, wa miaka kumi. Polisi akamtafsiria mapatano: mwanamume atakiri kosa dogo zaidi, atapewa kifungo cha nje, na mtoto hatatoa ushahidi. Amesikia?

"Ndiyeva," akajibu.

Faili likaandikwa: mama amekubali.

Siku ya kusoma mapatano, Thozama alikuwa akimtafsiria mshtakiwa kwa sauti. Alipofika penye "mama amekubali", Nowinile akainuka kule nyuma.

"Nimekubali lini? Jamani, huyu arudi kulala hatua ishirini kutoka kwa mwanangu?"

Mshtakiwa akamgeukia. "Shemeji, usituaibishe mbele za watu."

Thozama akamtafsiria hakimu yote, hata hilo. Kisha akaomba ruhusa.

"Mheshimiwa, kama alisema ndiyeva, alisema amesikia tu. Angekubali, angesema ndiyavuma."

Mwendesha mashtaka akamnong'oneza: "MaRhadebe, wewe ni mdomo wetu, si wakili."

"Ni mdomo, mwanangu, lakini si wa kumeza maneno ya watu."

Hakimu alikataa kuyapokea mapatano mpaka mama asikilizwe, kama sheria inavyotaka. Safari hii Thozama ndiye aliyetafsiri. Nowinile hakuyapinga mapatano yenyewe, maana naye hakutaka mtoto ahojiwe. Alitaka kosa liitwe kwa jina lake, na mtu yule asirudi bomani. Mshtakiwa akakiri ubakaji, akafungwa miaka kumi na minane.

Nowinile alisema "ndiyavuma" mara mbili. Ya pili hakuna aliyemwuliza.

Enyi akina mama, wangapi tumeitikia kwa adabu tukamrudisha fisi zizini? Ukiitwa, uliza: anakiri kosa gani? Atalala wapi? Hujaelewa, usitie sahihi. Bora uonekane mbishi.

Thozama anastaafu Juni. Anataka kuzunguka makanisani kila Alhamisi, wanawake wanapokutana kwa sala, awafundishe maswali hayo. Mwenyekiti mmoja wa wanawake hao ameshamwambia: "Mambo ya aibu hayo, sisi tuna sala."

"Basi salini kwanza," alimjibu, "nitangoja mlangoni."

Nowinile ameahidi kufuatana naye. "Wewe una koo la mahakamani, mimi nina la kuitia ng'ombe," anamwambia. "Ukichoka, dada, nitaendelea."