Siku Niliyompita Mama Mdogo

Wanabomoa maghala ya kahawa kando ya ziwa ili wajenge hoteli, na vumbi la kuta zile bado linanuka kahawa. Leo lilinikuta barabarani, nikashindwa kuendelea.

Nilikuwa msichana wa miaka minane hivi. Mama alinituma kutoka Hamugembe nimpelekee mdogo wake ebitoke, ndizi za kupika, na maharage, vimefungwa kwa jani la mgomba. Mama mdogo alikuwa amerudi kazini ghalani siku hiyo, baada ya kuugua miezi mingi kwa wakwe zake Muleba. Wanawake walikaa sakafuni safu kwa safu, wakichambua kahawa. Nilizunguka nikiutafuta uso wake mnene, nisiuone. Mwishoni nikamwamkia bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango.

"Shikamoo bibi. Namtafuta mama yangu mdogo."

Aliinua uso kutoka kwenye kahawa.

"Ni mimi, mwanangu," akasema. "Umenipita mara mbili."

Sauti ilikuwa yake. Wanawake wa jirani waliacha kuchambua, wakatugeukia. Niliweka chakula sakafuni, mbali naye kidogo, nikakimbia hadi nyumbani.

"Amekula?" mama aliuliza.

"Amekula."

Tulimzika kabla ya msimu wa kahawa kwisha. Msibani mama aliwasimulia watu kwamba siku ile aliyorudi kazini, ambayo ikawa ya mwisho, mdogo wake alikula vizuri, akala mbele ya mtoto. Wote wakanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa.