Vali Iliyogoma Kufunguka

Kwandu Masunga, mwanamke wa Kasoli, ni fundi wa mabomba ya kunyunyizia dawa ya pamba. Msimu ukianza, wakulima humletea mabomba yanayovuja hata kutoka Sapiwi, naye hubadilisha washa za mpira na springi huku akiwatania. Lakini nyuma ya nyumba yake, kuzunguka kisima mpaka banda la kuku, ametandika reli yenye upana wa kiganja.

Garimoshi linalopita humo ni la mvuke wa kweli, refu kama mkono. Baba yake, Mzee Masunga, alilitengeneza kwa vipande vya shaba alipokuwa mchochea moto wa treni Tabora. Sasa ana miaka themanini na minne, macho hayaoni tena, na raha yake ni kukaa kando ya reli akisikiliza.

Tatizo lilikuwa kilima kidogo penye banda. Kila mara garimoshi lilifika pale likakohoa, likasimama. Mwaka huu Kwandu alilifungua lote. Alibadilisha pakingi za pistoni, akachomelea upya mishono ya boila, akaweka taa ya spiriti yenye tambi tatu badala ya moja. Boila alilijaza maji baridi akalijaribu kwa pampu. Halikuvuja hata tone. Mwisho akaigeukia vali ya usalama, ambayo springi yake ililegea ikawa inaachia mvuke mapema. Akaiwekea springi ngumu ya bomba la dawa. Hiyo hakuijaribu.

Jumapili baada ya misa akawasha. Mshale wa geji ya mvuke ukapanda vizuri, ukafika kwenye alama nyekundu, ukaipita.

"Mayu, vali haijapumua," mzee akamwambia binti yake kutoka kando ya reli.

"Itafunguka, baba."

"Geji yako siioni, ila masikio ninayo. Boila limenyamaza. Zima!"

Kwandu akaigonga vali kwa bisibisi. Kimya.

"Baba, ondoka hapo!"

"Kwa magoti gani?"

Kumbeba kungechukua muda, na mshale haukungoja. Kwandu akapiga goti, akaivuta taa kwa koleo. Spiriti ikamwagika. Mchana ule mkali moto wake haukuonekana. Alijua umeshika alipoona majani yakijikunja na kusikia ukingo wa kitenge chake ukimchoma mguuni. Akaufukia kwa mchanga kwa mikono miwili. Akatazama geji. Mshale ulikuwa bado unapanda kwa joto lililobaki.

Ikabaki njia moja tu. Akanyoosha mkono juu ya boila, akafungua mvuke wote uende kwenye silinda.

Garimoshi likaruka. Likapanda kilima mbio, kuku wakatawanyika, likaikosa kona ya kisima na kuanguka ubavu, magurudumu yakizunguka hewani mpaka mvuke ukaisha.

"Limepanda?" mzee akauliza.

"Limepanda, baba. Limeanguka kwenye kona."

Mzee hakucheka. Aliomba ashikwe mkono, akaingia ndani.

"Tabora tulimzika Salu, mwenzangu wa treni," akamwambia binti yake wakati wa chakula. "Vali ilikuwa imefungwa kwa waya, ili treni ipate nguvu, na boila likapasuka. Mimi ndiye niliyeufunga ule waya."

Kwandu akaweka tonge chini. Miaka yote hiyo hakuwahi kulisikia jina hilo.

Wiki iliyofuata hakupokea bomba la mtu. Aliikata springi nusu mzunguko, akajaribu kwa maji na pampu, akakata tena. Mzee aliweka kidole juu ya vali, akisema, "Bado... bado... hapo!" Walirudia mara kumi na moja. Jumamosi, garimoshi lilipokwea kilima taratibu bila kusimama, vali ikipumua kila baada ya muda, Mzee Masunga alikuwa amekalishwa mbali, kwenye mlango wa jikoni. Alinung'unika kwamba kutoka pale hasikii vizuri. Kwandu hakumsogeza.