Wanamwita Marva

Keturah ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea mwenyewe hapa mjini Macon. Alipopata nafasi ya bure kwenye ile shule ya Wazungu kule mlimani, kanisa zima lilimpigia makofi. Nilipiga na mimi, ila moyo ulikataa kutulia.

Wiki ya kwanza alirudi akicheka.

"Mama mdogo, mwalimu ananiita Marva. Eti ni yule msichana mweusi aliyekuwepo kabla yangu."

"Kwani mnafanana?"

"Wapi! Nimeona picha yake. Mrefu, mwembamba, mimi kibonge."

"Basi mkosoe. Mdomo unao."

Akamkosoa. Akaitwa ofisini, akaambiwa apunguze ukali, maana wasichana wenye hasira hawapendekezwi chuo kikuu. Binti wa Kizungu akisema vilevile anaitwa jasiri. Keturah akaacha kubisha, akawa anaitika wakimwita Marva.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Wenzake walimsifia alivyoimba Krismasi iliyopita, wakati hata hakuwepo shuleni pale; aliyeimba ni Marva. Krismasi ilipofika, huyu Keturah wangu, ambaye kanisani tulimwomba achezeshe midomo tu, alisimama mbele ya shule akaimba mpaka watu wakatoa machozi. Sauti ile sikuijua.

Nikamtafuta huyo Marva kwa kuulizia watu. Nilimkuta kwenye duka moja nje ya mji akipanga makopo, na kifuani amebandika jina: Yolanda.

"Wewe si Marva, mwanangu?"

Alifikiri kwanza. "Nyumbani waliniita hivyo. Shuleni walinifanya Yolanda, yule aliyenitangulia. Nilichoka kubishana, mama."

"Unaimba bado?"

"Siku hizi nikifungua mdomo hakitoki kitu."

Alisema hivyo bila huzuni yoyote, akaendelea na makopo yake. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Nilifika nyumbani, Keturah yuko mezani na vitabu, amenipa mgongo. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena, kimya, na masikio yake ni mazima. Lile jina lingine lilinijia mdomoni, nikaapa silitamki ndani ya nyumba hii.

Nikamketisha sakafuni katikati ya magoti yangu, nikaanza kumsuka. Kila msuko, Keturah. Kila msuko, Keturah. Nimemaliza kichwa kizima, nimefumua, sasa nasuka upya, na bado hajaitika.